Viza ya masomo: mtaji wa duka watakiwa kutulia siku 28

BUHEHE, Busia – Mkazi wa Buhehe anayevuka mpaka kwenda kununua bidhaa Kenya haulizwi kama atarudi. Tangu 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda husafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mwanawe akiomba viza ya kusoma ng'ambo, swali hilo humngoja dirishani.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, kifungu 214(b), humhesabu mwombaji kuwa mhamiaji hadi aonyeshe kinyume. Mwanafunzi sharti athibitishe kuwa ana makao nyumbani asiyokusudia kuyaacha. Australia ilibadili utaratibu Machi 23, 2024: badala ya nia ya kukaa kwa muda, sasa hupima kama mwombaji ni mwanafunzi wa kweli.

Kwa mfanyabiashara, ugumu ni fedha. Panapotakiwa ushahidi, Uingereza hutaka ada na fedha za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo, bila kupungua chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti ya mzazi hukubalika, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini. Lakini mtaji wa mpakani haukai: asubuhi ni fedha, jioni ni magunia ya mahindi. Na fedha za kuazima zinazoingia ghafla huzua maswali.

Dawa ni kujipanga mapema: kupitisha mauzo benki, kutunza leseni na risiti za forodha, na kutenga karo kando na mtaji. Mtoto naye aeleze kwa maneno yake kozi hiyo itamfaa nini akirejea.