Ngozi Kavu Mwezi wa Ramadhani: Tuanze na Maji



Hapa Mtinko, Wakristo na Waislamu tunaishi nyumba kwa nyumba, tunachota maji kisima kimoja na tunatibiwa mahali pamoja. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Afya ya jirani anayefunga ni jambo linalozihusu kamati zetu pia. Katika toleo hili tunaeleza tatizo linaloonekana dogo, nalo ni kukauka kwa ngozi wakati wa mfungo.

Kwa nini ngozi hukauka?

Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Upepo mkavu wa Singida, jua na sabuni kali huondoa mafuta hayo. Anayefunga hukaa kama saa 13 bila kunywa, na mwili unaendelea kupoteza maji kwa jasho, pumzi na mkojo. Asipoyarudisha usiku, midomo hupasuka, ngozi huwasha na nyayo hupata magaga. Udhu nao hulowesha uso, mikono na miguu mara kadhaa kwa siku. Maji hayo yakikaushwa na upepo, ngozi huzidi kukauka.

Majira nayo yana sehemu yake. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2014 hadi 2016 iliangukia Juni na Julai, wakati wa baridi na upepo. Mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, wakati wa mvua. Kuanzia 2035 hadi 2039 itaangukia kati ya Septemba na Novemba, mwisho wa kiangazi, wakati visima vingi vimepungua maji.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku. Glasi mbili wakati wa kufuturu, moja kila baada ya saa moja kabla ya kulala, na mbili wakati wa daku ni mpango mzuri kwa mtu mzima mwenye afya. Uji, mchuzi, tikiti maji na machungwa huongeza maji mwilini. Chai isichukue nafasi ya maji.

2. Punguza chumvi wakati wa daku, maana huongeza kiu mchana. Kula mboga za majani, maharage, karanga na viazi vitamu.

3. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae muda mrefu majini, na usitumie sabuni ya kufulia mwilini. Suuza vizuri.

4. Jifute taratibu, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yanafaa. Mafuta ya alizeti, tunayokamua wenyewe mkoani kwetu, yanafaa pia, mradi yawe safi na yasiwe yamekwisha kukaangiwa. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto njiti hospitalini waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa.

5. Usilambe midomo, maana mate hukauka na kuipasua zaidi. Ipake mafuta.

6. Fanya kazi za shamba asubuhi na mapema, na vaa kofia au mtandio.

Je, mafuta yanabatilisha swaumu?

Masheikh wengi hufundisha kuwa kinachopakwa juu ya ngozi si chakula wala kinywaji, hivyo hakibatilishi swaumu. Mwenye shaka amwulize imamu wa msikiti wake. Kwa dawa za kumeza, mgonjwa aongee na mganga kabla ya mwezi kuanza ili apangiwe saa, asiache dawa kwa uamuzi wake. Kurani yenyewe, katika Sura Al-Baqara, inampa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye.

Si kila ukavu ni wa mfungo

Hapa ndipo penye hatari. Mtu akiamini kuwa kila tatizo la ngozi limeletwa na swaumu, husubiri Idi ipite huku ugonjwa ukiendelea.

Muwasho unaozidi usiku, hasa katikati ya vidole, na unaowapata watu kadhaa wa nyumba moja, unaweza kuwa upele. Dawa yake hupakwa, na watu wote wa nyumba hiyo hutibiwa siku moja.

Baka lililopauka au jekundu lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure. Kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu.

Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila usiku. Ufa mdogo kisiginoni unaweza kuwa kidonda kikubwa. Yeye amwone mganga kabla ya kuamua kufunga.

Anayepata kizunguzungu kikali, kuchanganyikiwa au kukosa mkojo anywe maji mara moja na apelekwe zahanati au hospitali.

Tujihadhari na mikorogo

Idi inapokaribia, wengi hutafuta krimu za kung'arisha uso. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki hudhuru figo, na krimu zenye steroidi zikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi iliyokauka haihitaji kuchubuliwa. Inahitaji maji na mafuta.

Ombi letu kwa kamati na wafadhili

Ushauri wa kunywa maji usiku hauna maana katika nyumba yenye ndoo moja tu. Maji yakiwa machache, yanagawanywa kwa kupikia, kuoshea vyombo na udhu, na mama aliyeyachota mara nyingi ndiye anayekunywa mwisho. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

- Kamati zikague pampu na matangi mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, na kutengeneza vilivyoharibika.
- Wahudumu wa afya wakutane na maimamu mapema, wakubaliane ujumbe mmoja kuhusu dawa na dalili za hatari.
- Wafadhili wanaofikiria kutuma katoni za losheni wafikirie kwanza vipuri vya pampu na matangi ya kuvuna maji ya mvua. Mafuta ya alizeti tunayo. Kinachopungua ni maji, na miaka ya mfungo wa kiangazi inakuja. Tuna muda wa kujiandaa tukianza sasa.

Tunawatakia Waislamu wote wa Mtinko mfungo mwema na afya njema kila mwezi huo unapofika.