Shamba la Mjane, Kutoka Ireland Hadi Isongole

Tuliokulia kwenye vibanda umiza vya Mbeya tunaijua sauti ya Lufufu, mtafsiri wa muvi zilizoonyeshwa humo: Mchina anarusha teke, Lufufu anatueleza kwa nini. Muvi za Ireland sijaona wa kuzifanyia hivyo. Mateke ni machache, maneno mengi, mvua haikatiki. Basi mama akija kwangu Isyesye kutoka Isongole, mtafsiri ni mimi, rimoti mkononi.

Iliyomkamata ni The Field, ya Jim Sheridan, ya mwaka 1990. Richard Harris anaigiza mzee aitwaye Bull McCabe, aliyekodi shamba la mjane miaka na miaka. Pale palikuwa mawe matupu. Yeye na baba yake walibeba mwani mgongoni kutoka ufukweni, wakaupandisha kilima, mpaka mawe yakazaa udongo na udongo ukaota majani. Sasa mjane anauza kwa mnada, na Mmarekani mwenye fedha analitaka shamba achimbe chokaa. Sheria iko upande wa nani, kila mtu anajua. Mama hakutaka habari za sheria. Aliuliza, "Huo mwani alibeba nani?" Kisha akaanza kuwataja watu wa kwao waliokodi vipande, wakatia samadi, na mwenye eneo akarudi kuvichukua vilipoanza kuzaa vizuri. Bull na mwanawe walipomuua yule Mmarekani, mama alinyamaza kidogo. "Amekosa. Lakini shamba lilikuwa lake." Mpaka leo tunabishana, maana mjane alikuwa na haki yake, na aliuza kwa sababu kijana wa Bull alikuwa akimsumbua usiku.

Hasira ya Bull ina asili yake. Kuanzia 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland. Watu wapatao milioni moja wakafa, wengine kama hao wakahama, na walioshindwa kodi wakatolewa majumbani. Black '47, ya mwaka 2018, inaonyesha miaka hiyo. Ugonjwa wenyewe ni bakajani chelewa, ule ule ambao wakulima wetu wanauita ukungu na kuupigia dawa mvua zikizidi. Mama aliuliza kama hawakuwa na nafaka. Ilikuwapo, ikipakiwa melini kwenda Uingereza. Maskini hakuwa na fedha ya kuinunua.

Muvi zao si za shamba na njaa tu. The Banshees of Inisherin ya Martin McDonagh, ya 2022, iliwania tuzo tisa za Oscar isipate hata moja. Kisiwani, mwaka 1923, Colm anamwambia rafiki yake Pádraic kwamba hataki tena kuongea naye. Hajakosewa kitu, jamaa anamchosha tu, naye anataka muda wa kutunga muziki. Akisumbuliwa atajikata kidole. Na anajikata kweli, mpiga fidla huyo! Wapo wanaosema ni mfano wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vikipiganwa ng'ambo, Ireland bara, ambavyo milio yake inasikika kisiwani. Labda. Mimi niliiona kwa jicho la Mnyakyusa. Babu zetu waliishi katika vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walitoka kwa wazazi, wakajenga pamoja, wakala na kunywa pamoja hadi uzeeni. Mbele ya watu wale, Colm angeonekana amefanya jambo baya kuliko wizi. Mama alitoa hukumu fupi: amerogwa.

Anayetaka kuzionja muvi hizi asianze na damu. Aanze na The Quiet Girl ya Colm Bairéad, nayo ya 2022, ambayo watu wake wanazungumza zaidi lugha ya asili ya Ireland. Binti wa miaka tisa, kutoka nyumba yenye watoto wengi na baba mlevi, anapelekwa kwa jamaa za mama yake kukaa majira ya joto. Anafundishwa kumenya viazi na kuchota maji kisimani. Mzee wa nyumba, asiyejua maneno matamu, anapita mezani, anamwachia biskuti, anaondoka zake. Hapo niliweka rimoti chini, sikutafsiri. Ukoo gani kwetu hauna mtoto aliyelelewa kwa shangazi? Mama aliuliza jambo moja tu: kama mtoto ameshanenepa na kucheka, wanamrudisha kwa baba yake wa nini?