Malaika hakumvulia Tobia samaki



Katika Biblia tunayoisoma sisi Wakatoliki kimo Kitabu cha Tobiti, kitabu kifupi ambacho mtu anaweza kukimaliza mchana mmoja wa Jumapili. Ndani yake yumo mzee mwadilifu, Tobiti, aliyezoea kuwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi na kuwazika wafu waliotupwa bila heshima. Mzee huyo akapofuka. Naomba leo tumtazame vizuri, kwa sababu yaliyompata yeye yamewapata wengi katika nyumba zetu.

Tobiti hakufa njaa. Jamaa yake Ahikari alimtunza kwa miaka miwili, na mke wake Anna alifanya kazi ya kufuma kwa ujira. Chakula kilikuwapo. Siku moja waajiri wa Anna walimpa mwanambuzi juu ya ujira wake. Tobiti akamsikia mbuzi analia nyumbani, akadhani ni wa wizi, wakagombana. Baada ya ugomvi ule mzee alimwomba Mungu amwondoe duniani. Ndugu yangu, mtu mwenye chakula na mke mwema aliomba kufa. Aliyekuwa akitoa amegeuka kuwa wa kupokea tu, na hata mbuzi akiingia uani kwake hana njia ya kujua ametoka wapi. Shibe peke yake haikumtosha.

Nayaandika haya nikiwa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maziwa mawili yako chini yetu: Tanganyika upande wa magharibi, Rukwa upande wa mashariki. Sokoni kwetu hukosi migebuka, dagaa na perege. Wamo kati yetu watu waliokulia Kasanga, Kirando, Wampembe au vijiji vya bonde la Rukwa, ambao mikono yao ilijua mshipi kabla ya kujua kalamu. Baadaye macho yao yakaingia giza. Watoto wakawapandisha mjini, wakawaweka barazani penye jua, wakawa wanawaletea samaki aliyekwisha kupikwa na kutolewa miba. Huo ni upendo, wala silaumu. Lakini hebu muulize mzee wa namna hiyo ni lini mara ya mwisho kidole chake kilihisi samaki anagusa chambo. Huenda ukaona uso ambao hujauona siku nyingi.

Kabla sijaendelea, neno moja la tahadhari. Tobiti aliponywa kwa nyongo ya samaki. Hiyo ilikuwa kazi ya Mungu, haikuandikwa iwe maagizo ya tiba. Usimtie mtu machoni nyongo, majani wala unga wowote. Vitu hivyo vinaweza kuliharibu jicho ambalo lingepona. Mpeleke hospitali. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Presha ya macho ni tofauti: uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini uliobaki unaweza kulindwa mgonjwa akiwahi. Haya ninayoyasema leo yanamhusu yule ambaye daktari amekwisha kumwambia kwamba macho yake hayatarudi.

Sasa tumwangalie samaki mwenyewe. Tobia, mtoto wa Tobiti, alikuwa safarini pamoja na malaika Rafaeli, ingawa hakujua kuwa ni malaika. Walipofika mto Tigri kijana akashuka majini, na samaki mkubwa akaruka akitaka kumkamata mguu. Tobia akapiga kelele. Je, Rafaeli alifanya nini? Malaika wa Mungu hashindwi na samaki. Angeweza kumtoa kwa kidole kimoja, kijana akabaki ukingoni anashangilia. Badala yake alimwambia Tobia amkamate asimwachie. Tobia mwenyewe akamshika, akamvuta hadi nchi kavu. Kisha Rafaeli akamweleza la kufanya: ampasue, atoe nyongo, moyo na ini, avihifadhi. Sauti ilikuwa ya malaika, mikono ilikuwa ya Tobia.

Nafikiri hapo pana fundisho zima la namna ya kumsaidia mtu asiyeona. Tena uvuvi wenyewe unatusaidia kulielewa. Ziwa Tanganyika, penye kina kikubwa kuliko kote, lina mita 1,470. Ni nani kati ya wavuvi wetu anayemwona samaki huko chini? Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwavuta na mwanga wa taa. Anayevua kwa mshipi wa mkono, akishateremsha chubwi, macho yake yamemaliza kazi. Anachobaki nacho ni uzi juu ya kidole. Kwa habari ya samaki aliye chini, mwenye macho na asiye na macho wako sawa. Kwa hiyo tunapomwambia mtu, "Wewe huoni, huwezi kuvua," mara nyingi tunasema jambo ambalo hatujalipima.

Basi tufanyeje? Kwanza, uliza. Bartimayo alipomlilia Yesu pale Yeriko, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Usimbebe mtu kumpeleka ziwani kwa sababu wewe umesoma gazeti. Pengine anapenda zaidi kucheza bao au kupiga ngoma. Akisema anataka kuvua, mtayarishie mahali salama. Ziwa Rukwa lina mamba na viboko, na Tanganyika nako mamba wapo. Hapo hapafai kujaribia. Anzeni na bwawa la samaki la jirani, kwa ruhusa ya mwenye bwawa. Mkienda ziwani, ongeeni kwanza na viongozi wa mwalo juu ya usalama na taratibu, na kama mnapanda mtumbwi kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, wewe na yeye.

Njiani usimkokote kwa mkono wala kwa fimbo yake. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, umwambie mapema: tunashuka, kuna jiwe kulia, hapa pana tope. Mkifika, mpe picha ya mahali kwa maneno: maji yako hatua tano mbele, mti uko nyuma, upepo unatoka kushoto. Funga kamba kiunoni mwa mti na kwenye kigingi kilicho karibu na kiti chake, mbali kidogo na ukingo, ili aende na kurudi mwenyewe bila kukuita. Kamba hiyo ya shilingi chache itampa uhuru kuliko hotuba ndefu.

Vifaa navyo viwe vya kusomeka kwa vidole. Acha boya, maana boya hutaka macho; chukua mshipi wa mkono wenye chubwi. Funga fundo dogo kila baada ya pima moja, ili ajue kina kwa kuhesabu. Ndoana zichomekwe kwenye kipande cha ndala kuukuu, zisitawanyike mfukoni. Chambo kiwe kwenye kopo moja, kisu mahali pamoja, na mtu mwingine asivihamishe. Mweleze na samaki: perege ana miiba mgongoni, kwa hiyo mkono uanzie kichwani urudi nyuma ukiilaza, kambale ana miiba miwili migumu nyuma ya kichwa, asimshike ovyo.

Baada ya hapo, ndugu yangu, unakuja mtihani wako wewe. Atachomwa na ndoana. Usipige kelele kama vile amekatika mkono. Atatia chambo polepole, usimpokonye. Samaki atagusa, mshipi utakaza, na mkono wako utawasha kutaka kuukamata. Uzuie. Samaki huyo anaweza kuponyoka. Mwache aponyoke. Wavuvi wote wamepotezewa samaki, na asiyeona ana haki ya kusimulia aliyemponyoka kama wavuvi wengine. Wewe kaa mahali anapoisikia sauti yako, uangalie usalama, unyamaze. Akimtoa, mwache ambebe mwenyewe hadi nyumbani, na pale mezani isemwe wazi kwamba kitoweo cha leo kimeletwa na babu.

Najua wengine mnasema moyoni: Padre, na akianguka je? Hofu hiyo ina haki yake, ndiyo maana nimetaja mamba, kamba na jaketi. Lakini Anna naye alihofu mtoto wao wa pekee alipokwenda safari ya mbali. Anna alilia machozi. Tobiti alimwagiza mtoto atafute mwenzi mwema wa njiani, akamruhusu aende. Upendo unaoondoa kila hatari mwishowe humwacha mtu barazani, salama kabisa, akimwomba Mungu amchukue.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano unaojulikana duniani. Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana mkimbiaji. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000, na mwaka 2004 kule Athens akashinda mita 5,000 na mita 10,000. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji, wameunganishwa kwa kamba fupi mkononi. Kanuni inasema mwongozaji asimvute mwanariadha, wala asimtangulie kuvuka mstari wa mwisho. Kule Sydney mambo yaligeuka: mwongozaji aliishiwa nguvu, na Wanyoike ndiye akawa anamvuta mwenye macho hadi mwisho. Kamba kama hiyo ndiyo ninayoiombea familia zetu, fupi ya kutosha kuongoza, na isiyomvuta mtu kama mbuzi.

Wala tusidhani kwamba kumfurahisha mtu ni anasa ya baadaye, baada ya chakula na dawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara yake ya 30 inayotaja michezo, burudani na mapumziko kuwa haki. Kanisa lilipaswa kulijua hilo kabla ya mikataba, maana Mungu wetu ndiye aliyeitakasa siku ya kupumzika, kwa ajili ya wote.

Tuangalie basi na parokiani kwetu. Asiyeona tunampokea vizuri, tunampa kiti cha mbele, tunamkumbuka wakati wa kugawa mahindi. Je, naye ameombwa lini kuongoza sala ya jumuiya ndogondogo? Kama anasoma nukta nundu, je, amewahi kusoma somo la kwanza? Wakati wa matoleo anapeleka sadaka yake mwenyewe, au jirani anaichukua mkononi mwake ili foleni iende haraka?

Katika Injili ya Yohane, Yesu Mfufuka aliwangoja wanafunzi ufukweni. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na samaki alikuwa tayari juu ya makaa, pamoja na mkate. Hakupungukiwa kitu. Hata hivyo aliwaambia walete na baadhi ya samaki waliowavua wao, na Petro akaenda kuuvuta wavu nchi kavu. Yesu alikuwa na samaki wake, lakini aliwataka na wale wa rafiki zake.

Wiki hii mtafute mtu mmoja asiyeona katika ukoo wako au mtaa wako. Keti naye, umwulize lile swali la Yeriko, kisha nyamaza usikilize jibu lake hadi mwisho. Na kama atasema samaki, tafuta mshipi.

Nawatakia Jumapili njema. Mungu awabariki.