Amonia Katika Bwawa la Samaki: Kipimo Kimoja Hakitoshi

Wako wakulima wa Nyalenda na sehemu nyingine za Kisumu wafugao ngege mabwawani. Baadhi yao wamejifunza kupima amonia katika maji, na hilo ni jambo jema. Lakini kupima ni kazi moja, na kuelewa jibu ni kazi nyingine.

Amonia hutoka katika miili ya samaki wenyewe, hasa kwa njia ya matamvua, na pia katika mabaki ya chakula na samadi inayooza. Ikiwa majini huwa na hali mbili. Moja haina madhara makubwa. Ya pili ni sumu. Dawa ya kupimia hubadilika rangi kwa zote mbili pamoja, wala haitengi sumu.

Kiasi cha sumu hutegemea joto na pH. Kipimo cha pH huonyesha kama maji ni machachu kama ndimu, au yana ukali kama wa magadi. 7 ni katikati. Maji yakiwa na joto la digrii 26, katika kila sehemu 100 za amonia, sumu haifiki sehemu 1 ikiwa pH ni 7. Ikiwa pH ni 8, sumu ni karibu sehemu 6; ikiwa ni 9, ni karibu sehemu 38.

Tuseme umepata miligramu 2 za amonia kwa lita. Asubuhi, pH ikiwa 7, sumu ni kama miligramu 0.01 tu. Lakini katika bwawa la kijani sana, mimea midogo hutumia hewa ya ukaa jua linapowaka, na alasiri pH yaweza kufika 9. Rangi ya kipimo ni ile ile, bali sumu sasa ni karibu 0.76. Ngege huanza kupoteza hamu ya kula kwenye 0.08, na vifo vya kwanza vyaweza kuanza kwenye 0.2.

Basi, fanya hivi:

1. Pima amonia, pH na joto kwa wakati mmoja, kama saa tisa alasiri. Andika katika daftari.

2. Sumu ikizidi, usiwape samaki chakula kwa siku moja au mbili, wala usitie samadi.

3. Badili sehemu ya maji kwa maji safi.

4. Usitie chokaa, maana hupandisha pH na kuzidisha sumu.

Ngege wakiacha kula, usingoje kuwaona wakielea. Mwite Afisa wa Samaki, nawe umwonyeshe daftari lako.