Ardhi ni Dhamana: Tunachorithishana ni Haki, si Udongo

Katika familia nyingi za Tanzania Bara, shamba huitwa “la babu”, na mjadala huishia hapo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Msingi huu ni wa zamani: mwaka 1923 Waingereza waliiweka ardhi chini ya Gavana, na mwaka 1963 milki zisizo na ukomo zilizosalia kutoka enzi za ukoloni zikageuzwa kuwa za kukodishwa na Serikali.

Basi mwananchi anamiliki nini? Anamiliki haki ya kuitumia ardhi. Mjini haki hiyo hutolewa kwa hati yenye muda, usiozidi miaka 99. Kijijini ipo haki ya kimila, ambayo yaweza kudumu bila ukomo na kurithiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaipa Halmashauri ya Kijiji jukumu la kuisimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu kipande bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Fungu la tatu ni ardhi ya hifadhi, kama misitu na mbuga za wanyama.

Mdhamini anaweza kuitwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Anapofanya hivyo, sheria inamtaka alipe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hapo ndipo familia zisizo na maandishi hupata taabu: mlipwaji ni nani, na mipaka ni ipi?

Mwenye kufa huacha mirathi. Mjane na mayatima wasipojua baba alikuwa na haki gani, mlango wa dhuluma hufunguka, mara nyingi kwa mkono wa ndugu. Sheria inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Ndugu msomaji, kaa na ahali yako mngali hai. Pimeni shamba, ombeni hati, waonyesheni watoto mipaka. Amana isiyoandikwa hupotea kwa urahisi.