Watu Watatu, Marimba Moja

Wengi wenu hutuuliza mbona sisi wapigaji wa amadinda twakaa jioni nzima tukirudia wimbo mmoja tu. Napenda kuwajibu, maana wako wanafunzi wapya watakao kujiunga nasi, na yafaa wajue ni kazi gani.

Amadinda ni marimba ya Waganda. Mbao zake ni 12, nazo hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza huitwa omunazi, wa pili omwawuzi, nao hukaa wakielekeana na kupiga mbao zile zile. Omunazi huanza, kisha omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, moja la huyu, moja la yule, pasipo kugongana. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili ndogo za mwisho tu. Husikiliza mbao mbili zenye sauti nene kuliko zote, na kila zinapolia huzirudia kwa sauti nyembamba.

Basi, hakuna hata mmoja wao apigaye wimbo mzima. Wimbo mnaousikia ninyi hutokana na mapigo yao yakichanganyika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujizuia. Mapigo ya omunazi hayana budi kuwa sawasawa, kama hatua za mtu aendaye safari ndefu. Akiharakisha kidogo, mwenziwe hapati nafasi. Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana, siku ya wageni, niliwaona wanafunzi wa zamani wameketi mbele, nikataka wausifu wepesi wa mikono yangu. Nikaukimbiza wimbo. Omwawuzi wangu alijaribu kunifuata, mwisho akaweka vijiti chini mbele ya watu wote. Nikamlaumu yeye! Tulikaa majuma mawili bila kusemezana, na marimba ikakaa kimya. Nilipokwenda kumwomba radhi alinijibu, "Hukunisikia tangu mwanzo." Ilikuwa kweli.

Jambo la pili ni kusikiliza bila kufuata. Ukimfuata mwenzako mno, mkono wako utaangukia pigo lake. Msikie yeye, lakini shika lako.

La tatu, ukipotea usibahatishe. Inua vijiti, nyamaza, acha wimbo uzunguke mara moja, kisha uingie tena.

La nne, kosa lisemwe baada ya wimbo, kwa upole, naye aliyekosa aanze kusema. Tena tubadilishane nafasi: aliyekuwa omunazi jana, leo awe omukoonezi, apate kujua uvumilivu wa mwenye mbao mbili.

Wapigaji wa Kabaka walitawanyika mwaka 1966, Lubiri iliposhambuliwa. Hata hivyo ufundi huu haukupotea, kwa kuwa watu kama Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji katika jumba la Kabaka, waliwafundisha wengine. Nasi tumeupokea kutoka mikono kama hiyo. Ingekuwa vibaya kuuvunja kwa majivuno.

Basi, atakaye kujiunga na aje Jumatano baada ya chai. Asijali kama mikono yake ni mizito, mikono hufundishika. Mwenzangu yule angali akiketi mbele yangu, na siku hizi wimbo wetu hufika mwisho.