Mbwa Anayetokwa Machozi: Usifute Alama Ukasahau Chanzo

Bila shaka umewahi kuona mbwa mwenye michirizi ya rangi ya kutu chini ya macho. Michirizi hiyo huonekana zaidi kwa mbwa mweupe. Baadhi ya watu hudhani mbwa huyo anatokwa damu. Sivyo. Hebu tujifunze michirizi hiyo ni nini, na ni wakati gani inafaa tuwe na wasiwasi.

Michirizi hutokana na nini?

Jicho la mbwa, kama la mtu, huoshwa na machozi wakati wote. Kwenye pembe ya jicho, upande wa pua, kuna vitundu vidogo. Machozi hupita humo, yakafuata mfereji mwembamba mpaka ndani ya pua. Mfereji huo ukiziba, au machozi yakizidi, humwagika usoni.

Ndani ya machozi mna rangi iitwayo porfirini. Rangi hiyo hutokea mwili unapovunja chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Machozi yakikauka, porfirini hubaki kwenye manyoya, na ikipigwa na jua huzidi kukolea. Mate ya mbwa pia yana rangi hiyo. Ndiyo maana mbwa mweupe anayejilamba miguu huwa na miguu ya rangi ya kutu.

Kwa hiyo alama yenyewe si ugonjwa. Inatuambia tu kwamba machozi yanamwagika. Mwenye mbwa ajiulize: kwa nini? Huenda ni moshi wa jikoni, vumbi, au kope zinazochoma jicho. Wako pia mbwa ambao mifereji yao ni myembamba tangu kuzaliwa.

Jinsi ya kumsafisha

Kwanza mwangalie kwa mbali. Ikiwa mbwa amebadilika tabia, anauma ovyo, anadondosha mate au hawezi kumeza, usimguse. Huenda ana kichaa cha mbwa. Toa taarifa kwa bwana mifugo mara moja.

Ikiwa ni mzima, fanya hivi:

1. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kisha yaache yapoe.
2. Nawa mikono. Chovya pamba au kitambaa safi, ufute kuanzia pembe ya jicho kwenda nje.
3. Tumia kitambaa kingine kwa jicho la pili.
4. Kausha manyoya vizuri, kwa sababu unyevu huchubua ngozi. Nawa tena kwa sabuni.

Usimtilie jichoni tumbaku, majivu, spiriti wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usimpake pia dawa ya macho ya watu bila ushauri. Baadhi ya dawa hizo hupunguza uvimbe, lakini jicho likiwa na kidonda huzidisha kidonda hicho. Mbwa anaweza kupofuka.

Dalili za hatari

Usitosheke na kufuta ukiona mambo haya:

Jicho moja linatoa machozi ghafla, na mbwa analifumba. Huenda limeingiwa na mbegu ya nyasi au limekwaruzwa. Usilichokoe kwa kijiti. Ikiwa ametemewa sumu na swila, lioshe mara moja kwa maji safi mengi.

Macho yote mawili yanatoa usaha mzito, pua inatoa kamasi, mbwa anakohoa au anaharisha. Hii, hasa kwa mbwa mdogo, huenda ni homa kali ya virusi ambayo baadaye huleta kifafa. Mtenge na mbwa wengine. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo, lakini chanjo ya kuzuia ipo.

Jicho limefunikwa na chamba cheupe, na mbwa anakonda, ana homa na ufizi umepauka. Mahali penye mbung'o, dalili hizi huweza kuwa za nagana, kwani mbwa naye huugua nagana kama ng'ombe.

Katika hali zote hizi, mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Jicho halingoji.

Chanjo ni kinga yetu sote

Mbwa hulinda boma na mifugo, na watoto hucheza naye. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa afikapo miezi 3, kisha urudie kama utakavyoelekezwa na bwana mifugo. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie zahanati au hospitali akapate chanjo. Asingoje dalili. Zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini michirizi ya machozi ya mbwa huwa na rangi ya kutu?
2. Taja vitu vitatu ambavyo havifai kutiwa jichoni mwa mbwa.
3. Je, mbwa wa kijiji chako wamechanjwa? Kama bado, mtafanya nini?